Kabla hamjachimba msingi wa kituo cha magari ya wagonjwa

Ninyi mlioajiriwa karibuni katika idara za mipango na fedha za halmashauri, ipo siku mtaletewa faili la namna hii: taasisi inayoendesha huduma ya dharura haina jengo la kufaa wala fedha za kujenga, na inaomba halmashauri ijenge kituo cha magari ya wagonjwa kisha iipangishe. Madiwani watalipenda wazo hilo, na wana haki ya kulipenda. Moyo wa mtu ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa mashine hupunguza nafasi yake ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Nimeifanya kazi hii nikijua hivyo, na ndiyo maana makosa yangu ya mwanzo bado yananiuma. Yalihusu miaka ya mkopo, maneno ya mkataba na urefu wa mlango.

Nianze na miaka. Katika mradi wangu wa kwanza tulikopa kwa miaka 20, mpangaji akasaini miaka 10. Hakuna aliyeuliza swali. Fanyeni hesabu hii wenyewe: mmekopa 100 kwa riba ya asilimia 5, mnarejesha kiasi kilekile kila mwaka kwa miaka 20. Kila mwaka mtalipa kama 8. Miaka 10 ikiisha mmeshalipa 80, na wengi hudhani deni limebaki nusu au chini ya hapo. Limebaki takriban 62, kwa kuwa miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba. Mpangaji akifungasha siku hiyo, halmashauri inabaki na deni hilo pamoja na jengo la gereji pana na vyumba vidogo vya kulala, ambalo ni vigumu kulipatia mpangaji mwingine.

Mwelewe pia kwa nini mpangaji anang'ang'ania muda mfupi. Mara nyingi hana nia mbaya. Tangu IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa upangishaji, ianze kutumika mwaka 2019, mpangaji anayefuata viwango hivyo huandika wajibu wa upangishaji kama deni katika vitabu vyake, na mkataba ukiwa wa miaka mingi zaidi, deni hilo huwa kubwa zaidi. Kwa taasisi za umma, IPSAS 43, kiwango cha uhasibu cha sekta ya umma, imeleta utaratibu kama huo kuanzia 2025. Kwa hiyo mhasibu wake atavuta upande mmoja nanyi mtavuta mwingine. Siku hizi mimi hupendekeza hivi: mkataba ukiwa mfupi kuliko mkopo, uwe na kiambatisho chenye jedwali la salio la deni kila mwaka, na kifungu kwamba mpangaji akiondoka analipa salio la mwaka huo au analinunua jengo kwa bei hiyo. Kufupisha mkopo ili ulingane na mkataba kunawezekana, ila kodi ya pango hupanda mno na huduma yenyewe ndiyo inayoumia.

Kodi igawanyeni sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni rejesho la mkopo, na kama riba haibadiliki, isipandishwe kwa mfumuko wa bei, kwa sababu deni lenu nalo halipandi. Sehemu ya pili ni matunzo, bima na usimamizi, na hiyo ndiyo ifuate mfumuko. Niliwahi kuona kodi nzima ikipandishwa kila mwaka. Mpangaji alipogundua, imani kati ya pande mbili ilivunjika. Na kama sehemu ya ujenzi imelipwa kwa ruzuku, hakikisheni masharti ya ruzuku yanaruhusu kupangisha, kisha muandike mapema kama ruzuku hiyo inapunguza kodi au la.

Barua ya nia haitoshi. Tuliwahi kutangaza zabuni tukiwa na barua tu, bei za wakandarasi zikaja juu ya makadirio, mpangaji akasema hakukubali kodi hiyo. Alikuwa na haki. Mkataba usainiwe kabla ya zabuni, ukiwa na kanuni ya kukokotoa kodi kutokana na gharama halisi, na kikomo: gharama ikikivuka, pande zote zinakaa tena kabla mkandarasi hajasaini.

Kuhusu kiwanja, msijenge mahali fulani kwa sababu tu ardhi ni ya halmashauri. Ombeni takwimu za simu za dharura, mzione kwa saa na kwa eneo, kisha mpite barabara ya kutokea wakati wa msongamano.

Jengo lenyewe wachoreeni wahudumu, na muwasikilize kabla ya msanifu kumaliza. Sisi tulipima mlango wa gereji kwa magari yaliyokuwapo. Magari mapya yalikuja marefu zaidi, yana taa na antena juu ya paa, na tukalazimika kuvunja boriti ya jengo ambalo lilikuwa bado jipya. Moshi wa dizeli nao ni jambo zito: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kati ya gereji na vyumba vya kupumzikia wekeni kijichumba chenye milango miwili, na mfumo wa kunyonya moshi. Jenereta, umeme wa kuchajia vifaa ndani ya magari, stoo ya dawa inayofungwa na isiyopata joto kali, mahali pa kuosha gari lililobeba mgonjwa wa kuambukiza: vyote viingie kwenye makadirio ya kwanza. Kuviongeza baadaye ni ghali, na mtabishana nani alipe.

Kabla ya kupokea funguo kwa mkandarasi, ombeni zamu moja ilale humo. Pigeni simu ya majaribio saa tisa usiku, umeme wa kawaida ukiwa umezimwa, mkasimama getini na saa. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, gari lilichelewa kwa sababu mlango wa gereji ulikuwa haujaunganishwa na jenereta. Tulikataa kusaini hadi waliporekebisha.