Bandika stika ya CNG hata kama fundi hakukupa

Ndugu, nimekuelewa: umefunga mfumo wa CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa) kwenye Toyota IST yako ya teksi hapa Dar, fundi hakukupa stika, na unahofia abiria wakiona neno gesi watakukimbia. Bandika tu. Stika hiyo ni kwa ajili ya zimamoto.

Kwa nje gari lako halina tofauti na la petroli. Likipata ajali, mwokoaji anaweza kukata bodi palepale bomba la gesi lilipopita, au kusimama karibu na mtungi wenye shinikizo la bar 200 bila kujua. Mtungi ukipata moto sana, kifaa chake cha usalama hufunguka na gesi hutoka kwa kasi. Ikiwaka ni mwali mrefu. Anayejua mapema hukaa mbali na uelekeo huo.

Tafuta ya bluu, mraba uliosimama kwa pembe, herufi CNG nyeupe zinazoakisi mwanga usiku. Ibandike nyuma, kulia chini, kwenye mlango wa buti. Bampa usiitumie, ndiyo hung'oka kwanza. Wala usikubali stika ya LPG (gesi kama ile ya kupikia ya mitungi): CNG hupanda hewani, LPG hutambaa chini, kwa hiyo utamdanganya mwokoaji.

Ndani ya buti onyesha valvu ya kufungia iko wapi. Mimi nilichora mshale mwekundu.

Ukisikia harufu ya gesi, zima injini, shusha abiria, sogeeni mbali, piga 114 ya zimamoto. Mtungi uliogongwa usiujaze mpaka ukaguliwe na karakana iliyoidhinishwa.