Maurienne mwezi wa pili: vijiji au skii?
Dada umeuliza kama huko Maurienne, bonde la milima ya Alps Ufaransa, mnaweza kuona vijiji vya zamani na watoto wakapata skii bila kuhamahama hoteli, inawezekana kabisa, kaeni Lanslebourg, lifti za eneo la skii la Val Cenis ziko hapohapo na basi la kupanda Bonneval-sur-Arc linapita. Bonneval msiikose aisee, iko mita 1,800 hivi, nyumba za mawe mpaka paa ni mawe, gari mnaliacha nje ya kijiji, nyaya za umeme huoni hata moja. Zamani walikuwa wanaanika samadi kwenye baraza za ghorofani ikauke wawashie moto, maana miti huko juu ni ya kutafuta. Mzee kama magoti yanamsumbua kama ulivyosema basi mpeleke Bessans, kule ni skii za kutembea tambarare. Ila ramani isiwadanganye, Val d'Isère, mji mwingine wa skii, inaonekana ni hapo tu ng'ambo lakini barabara ya Iseran, zaidi ya mita 2,700, winta yote imefungwa kwa theluji. Na Februari shule za Ufaransa zinakuwa likizo, bei zinapaa, bukini mapema. Treni mnashukia Modane. Jibini ya Beaufort nunueni kwenye ushirika wa wafugaji, sio duka la zawadi.