Simu nyembamba kwa kazi ya baharini

Mdogo wangu, umeuliza kama iPhone Air itakufaa kutembeza wageni baharini huko Nungwi, Zanzibar. Kuishika ni raha, milimita 5.6 tu, na ndiyo maana wengi wanaitamani. Lakini kamera ya nyuma ni moja, haina ya kuvuta mbali. Pomboo watabaki vidoa. Betri nayo ndogo. Ukitembea na pawabenki mfukoni, wembamba uko wapi?

Kubwa zaidi: haina pa kutia laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu yenyewe. Ikizima uko kisiwani Mnemba, huwezi kuchomoa laini ukaitia simu ya nahodha. Chukua iPhone 17 ya kawaida, ila kagua ubavuni kabla hujalipa, maana zinazouzwa Dubai nazo hazina tundu la laini.