Jibu: Wateja wa kukata nyasi wameongezeka, faida haionekani

Habari, ndugu. Umeeleza kwamba wateja wako wa kukata nyasi wameongezeka, lakini mwisho wa mwezi hubakiwi na kitu. Kabla ya kupandisha bei, kagua muda wa safari kati ya bustani moja na nyingine, kwa sababu saa hizo unalipa vibarua na kuchoma mafuta bila mteja yeyote kuzigharimia. Mimi hujumlisha ujira, safari, mafuta, kunoa visu na akiba ya mashine mpya, ndipo nitafute bei. Na ukitaka faida iwe asilimia 20 ya bei, gawanya gharama kwa 0.8, kwani kuzidisha kwa 1.2 hukuachia chini kidogo ya asilimia 17, kosa ambalo wengi hawalioni. Mteja aliye mbali peke yake atozwe zaidi, au aachwe.