Maswali ya Wasomaji: Nitaandikaje wasifu wa babu aliyekuwa mwanariadha?

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yetu amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 84, na familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha kumbukumbu. Katika ujana wake alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi, kisha akaendelea na kazi yake ya ufundi wa mitambo kiwandani kwa zaidi ya miaka 30, na ameacha mjane, watoto sita na wajukuu wengi. Baba mkubwa anataka kijitabu kijae habari za medali. Bibi hazungumzii riadha hata kidogo, isipokuwa kusema kwamba wakati babu akikimbia yeye alikuwa akilea. Aidha, kipo cheti cha mwaka 1962 kilichoandikwa kwamba alikimbia 100 kwa sekunde 10.1, na binamu yangu anashikilia kwamba jambo hilo haliwezekani. Niandike nini, na nianzie wapi?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Nitaanza na cheti, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kumalizwa mapema. Hukueleza kama ile 100 ni mita au yadi, na huenda cheti chenyewe hakisemi. Katika nchi zilizofuata vipimo vya Kiingereza, mbio za mwaka 1962 kwa kawaida zilipimwa kwa yadi, na yadi 100 ni mita 91.44 tu. Sekunde 10.1 katika mita 100 zingemweka babu nyuma kidogo tu ya rekodi ya dunia ya wakati ule, yaani sekunde 10.0 alizokimbia Mjerumani Armin Hary mwaka 1960. Lakini katika yadi 100, muda huo unakaribia sekunde 11 za mita 100, nao ni muda wa kijana mwenye mbio za kweli. Kumbuka pia kwamba muda ulipimwa na mwamuzi aliyebonyeza saa kwa kidole, na saa ya namna hiyo kwa kawaida huonyesha muda mfupi kuliko ya kielektroniki kwa takriban robo ya sekunde. Ni kuanzia mwaka 1977 tu ndipo shirikisho la riadha la dunia lilipoacha kukubali rekodi za mbio fupi zilizopimwa kwa mkono. Kwa hiyo binamu yako ana haki ya kutilia shaka mita, na babu yako ana haki ya kuaminiwa yadi. Chunguza vyeti vingine vya mashindano hayohayo, kisha andika kipimo pamoja na muda, wala usigeuze yadi kuwa mita ili kumpendeza mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa zaidi, nalo limo katika maneno ya bibi. Mwaka 1962 riadha ilikuwa mchezo wa ridhaa, na kanuni zilimkataza mkimbiaji kulipwa kwa kukimbia. Kanuni hizo hazikuwa za mzaha. Mmarekani Jim Thorpe, aliyeshinda pentathloni na dekathloni katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, alinyang'anywa medali zake mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli, na hazikurejeshwa kwa familia yake hadi miaka ya 1980, wakati yeye mwenyewe alikwisha fariki. Maana yake kwa babu yako ni kwamba kila saa ya mazoezi ilichotwa mahali fulani: ama kwenye usingizi, ama kwenye mapumziko ya kazini, ama nyumbani kwake. Mshahara wa kiwandani ndio uliolisha familia, na aliyebaki na watoto jioni zile za mazoezi alikuwa bibi. Ukitenga sura ya michezo, sura ya kazi na sura ya familia, utakuwa umekata kitu ambacho katika maisha yake hakikukatika, na bibi atatokea kwenye ukurasa wa mwisho kama jina katika orodha ya wafiwa. Naomba sana usifanye hivyo.

Mfuate, basi, umuulize juu ya miaka ile, lakini usimuulize kuhusu mbio. Muulize babu alirudi nyumbani saa ngapi, nani alifua nguo zake za mazoezi, nani alikuwa mtoto mchanga wakati ule, na siku alipoumia msuli nani alimkanda. Huenda majibu mengine yakawa na uchungu. Andika kile anachokuruhusu kuandika, hata kama si sifa tupu, kwa kuwa mjane anayesoma wasifu wa mumewe na kukuta jasho lake mwenyewe limeachwa nje anajua kwamba aliyeandikwa humo si mtu aliyeishi naye.

Swali lingine ambalo familia nyingi husahau kuuliza ni hili: aliachaje kukimbia? Roger Bannister wa Uingereza, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, alifanya kazi hospitalini asubuhi ya tarehe 6 Mei 1954, na jioni hiyo huko Oxford akakimbia kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Kabla mwaka huo haujaisha alistaafu mbio, akiwa na miaka 25, akawa daktari wa mishipa ya fahamu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 88, na alikwisha kueleza kwamba kazi yake ya utabibu aliithamini kuliko ile maili. Babu yako naye aliishi miaka mingi zaidi baada ya mbio kuliko ndani yake. Je, aliacha kwa jeraha, kwa zamu za usiku, kwa kuzaliwa kwa mtoto, au kwa kushindwa na vijana? Jibu la swali hilo litakupa njia ya kutoka uwanjani kuingia kiwandani bila kuandika ile sentensi kavu ya "baada ya hapo alijikita katika kazi".

Kuhusu kazi yenyewe, watafute waliofanya naye zamu moja kabla ya kuwatafuta mabosi. Wao watakuambia alisimamia mtambo gani, ulikuwa ukiharibika wapi, na vijana gani aliwafundisha kazi. Miaka 30 na zaidi inastahili kurasa nyingi kuliko misimu michache ya mbio, na hapo ndipo sikubaliani na baba mkubwa, ingawa naelewa kwamba yeye, akiwa mtoto mkubwa, huenda alimwona baba yake akishangiliwa, na fahari ya namna hiyo haimtoki mtu. Mpe nafasi yake: mwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe mbio moja tu aliyoiona kwa macho, nawe uichapishe chini ya jina lake.

Medali ziweke katika picha moja yenye maelezo ya mwaka na mbio. Mwaka usiothibitika uandike "mwanzoni mwa miaka ya 1960" badala ya kubahatisha. Kisha, kabla ya kijitabu kwenda kwa mchapaji, msomee bibi rasimu yote kwa sauti, na palipo na neno analolikataa, mwachie yeye kauli ya mwisho.