Maswali yenu kuhusu Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe

Swali: Ni kweli Mkwawa alishinda Lugalo kwa dawa iliyogeuza risasi kuwa maji? (Msomaji, Mafinga)
Jibu: Hiyo ni vita ya Maji Maji, mwaka 1905, na Mkwawa alishakufa miaka saba nyuma. Mnachanganya kila mara. Kule Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, aliwapitisha askari na wapagazi wake kwa mstari mrefu kwenye njia nyembamba. Wahehe walijilaza vichakani na kwenye mawe, kimya. Bunduki ikalia, wakatoka na mikuki, na Nyundo akafa papo hapo. Kujificha hivyo watu maelfu bila hata mmoja kukohoa ni nidhamu ya jeshi lililofunzwa. Ukisema ni uchawi, unamnyang'anya Mtwa akili yake huku ukijidai unamsifu.

Swali: Nani alimuua Mkwawa?
Jibu: Alijipiga risasi mwenyewe, Mlambalasi, 19 Julai 1898. Nimeshajibu hili.

Swali: Kama alikuwa hodari, mbona Kalenga, makao yake makuu, ilitekwa?
Jibu: Mizinga ya Wajerumani, Oktoba 1894. Kwa maoni yangu alikosea: aliyeshinda porini alijifungia ndani ya ukuta wa mawe. Lakini baada ya hapo alisumbua Wajerumani karibu miaka minne, kichwa chake kimetangaziwa rupia 5,000, na wanavijiji wakimlisha na kumficha. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kuliko hata Lugalo.

Swali: Kwa nini Merere, mtawala wa Usangu, aliwasaliti Watanganyika wenzake?
Jibu: Watanganyika gani? Jina hilo lilikuja na Waingereza. Wahehe walikuwa wamewatimua Wasangu kwao, basi Merere akamfuata adui wa adui yake, yaani Mjerumani. Shujaa wetu naye alikuwa mvamizi kwa majirani. Msimvike kofia ya TANU.

Swali: Fuvu lililoko Kalenga ni lake kweli?
Jibu: Wajerumani walilichukua fuvu hilo, na Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa miezi sita kulikabidhi kwa Waingereza. Lilirudi 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kwenye jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Kipimo cha rula si ushahidi. Mimi nina shaka, ila wanaoliheshimu siwacheki.

Swali: Nina mtihani kesho, nitumie historia yake yote.
Jibu: Kesho? Anza na baba yake, Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe kabla ya kufa 1879. Huyo hamjaniuliza hata siku moja.