Maswali yenu: kutoka Tromsø hadi Longyearbyen

Wiki hii maswali mengi yamehusu safari ya ndege kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kwenda Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa vya Svalbard.

Kwenye ramani naona kama bara zima liko katikati. Ni kilomita ngapi hasa?

Karibu 957, yaani maili za baharini 517. Ramani za mtindo wa Mercator huyavuta sana maeneo ya kaskazini. Katikati ya safari hii umbali huonekana zaidi ya mara tatu na nusu ya ulivyo. Hesabu mwenyewe: Tromsø iko nyuzi 69.68 kaskazini, Longyearbyen 78.25. Tofauti ni 8.57, na kila nyuzi ni kama kilomita 111. Utapata 951, na kidogo kilichobaki ni kwa sababu Longyearbyen imeelekea magharibi.

Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa napata saa moja na dakika 12. Mbona ratiba inasema kama saa moja na dakika 40?

Hesabu yako ni ya ndege iliyokwisha kushika kasi angani. Ratiba huanza ndege inapoondoka mlangoni, ikahesabu kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka taratibu na kuegesha. Saa za kule na kule ni zilezile, kwa hiyo usibadilishe chochote mkononi.

Nina pasipoti ya Tanzania na viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja. Inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu, na hili naomba ulisome mara mbili. Svalbard ni ya Norwei, lakini iko nje ya Schengen. Svalbard yenyewe haimdai mtu yeyote viza. Tatizo ni njia: ndege za ratiba hupitia Norwei bara, na ukiondoka Tromsø unahesabiwa umetoka Schengen. Viza yako imekwisha hapo, na kurudi huwezi. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi kabla ya kukata tiketi. Wenye vibali vya kuishi Norwei nao wabebe pasipoti na kadi ya kibali.

Naogopa ndege. Kuna feri?

Feri ya ratiba hakuna.

Hali ya hewa ikichafuka, ndege hutua wapi?

Jirani hakuna uwanja mwingine wa ndege za abiria za ukubwa huo, hivyo ikishindikana hurudi bara. Uwanja wa Longyearbyen, uliofunguliwa mwaka 1975, umejengwa juu ya ardhi iliyoganda barafu, na milima iko karibu. Tarehe 29 Agosti 1996 ndege iliyotoka Moscow iligonga mlima Operafjellet ikikaribia kutua. Wote 141 waliokuwemo walikufa. Rubani akitangaza kwamba anageuza, mshukuru.

Ni kweli mtu huondoka kwenye jua akashuka pasipo jua?

Kweli, mwanzoni mwa Februari. Tromsø jua limekwisha kurudi tangu Januari, ilhali Longyearbyen halijapanda juu ya upeo tangu mwisho wa Oktoba. Hata likipanda katikati ya Februari, milima hulizuia lisifike mjini. Mnamo tarehe 8 Machi wakazi hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani, wakubwa kwa watoto, kuungoja mwali wa kwanza uziguse.